Mashini Iliyofichwa Kwenye Maharage

Siku za Jumapili, nyumba ya Maman Gaudiose pale Mururu, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, ilikuwa na utaratibu wake. Wakitoka Misa, Uwera anawasha moto. Mama yake anapika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wakishakula, meza inapanguswa mara mbili. Kisha Uwera anafungua kompyuta ya marehemu baba yake, nao wanakaa kusikiliza nyimbo.

Baba yake, Mzee Mbarushimana, alikulia Kongo, upande wa Bukavu. Aliporudi Rwanda na mke wake, alipata kazi kwenye kinu cha mpunga kule Bugarama. Kila Jumamosi alipanda kilima kuja nyumbani, nguo zimejaa vumbi la pumba. Lakini kazi aliyoipenda moyoni ilikuwa korali, kwaya ya parokia. Alitunga nyimbo za Kiswahili, nyimbo za watu waliolelewa ng'ambo wakarudi kwao. Hakuandika hata moja kwenye karatasi. Alikaa mbele ya kompyuta, akaimba, kompyuta ikamhifadhia.

Uwera alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisoma shule ya msingi tu, kisha akajifunza kushona. Hakuwa msemaji sana. Alikuwa mtu wa kutazama. Alijua kwamba baba yake kabla ya kuimba alikohoa mara mbili, kisha akagonga meza kwa kidole. Hata sasa, kikohozi kile kikisikika kwenye kompyuta, mama yake huweka kikombe chini.

Jumapili moja, shangazi aliyeko Uvira aliomba atumiwe wimbo. Uwera akaunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, akamtumia. Wimbo ukaenda vizuri. Lakini baada ya muda mfupi, picha iliyokuwa kwenye skrini ikapotea. Skrini ikawa nyeusi. Kwenye kona ya chini yakatokea maneno ya Kifaransa.

"Mama, njo uone. Wewe ulisoma Kifaransa."

Maman Gaudiose akavaa miwani. Akasoma polepole.

"Inasema... hii kopi ya Windows haiko ya kweli." Akavua miwani. "Yesu wangu! Ni duwani."

"Duwani gani, Mama?"

"Funga! Funga kwanza!"

Uwera akafunga. Duwani ni watu wa forodha, wale wanaokagua mizigo mpakani. Uwera hakuelewa wanatafuta nini ndani ya kompyuta. Mama yake akafunga mlango, akaanza kunong'ona.

"Papa yako alinunua hii mashini Bukavu, kwa kijana mmoja wa sokoni. Hakupewa karatasi yoyote. Tulivuka nayo daraja la mpaka, mu kikapo, chini ya majani ya sombe. Ni mimi nilibeba! Miaka yote niko nangojea hii siku. Sasa wewe umeipeleka mu internet, imejisema yenyewe."

Uwera alitaka kucheka. Akaona mama yake anachungulia dirishani, akaacha. Maman Gaudiose akaviringisha kompyuta kwenye kitenge, akaisukuma ndani ya gunia la maharage mpaka chini.

"Itakaa humo mpaka duwani basahau."

"Na nyimbo za Papa?"

Mama akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.

Jumapili tatu zikapita. Walikula, wakapangusa meza, wakabaki wanaitazama. Mara nyingine Maman Gaudiose alianza kusema, "Unakumbuka ule wa..." kisha akaacha.

Siku moja Uwera alikuwa anashona, akajaribu kuimba wimbo wa kurudi, ule baba yake alioupenda kuliko zote. Mstari wa kwanza ukaja wenyewe:

*Udongo wa mbali umetulea,*
*udongo wa kwetu utupokee.*

Wa pili ukaja nusu. Wa tatu ukakataa kabisa. Uwera akasimamisha cherehani. Alijaribu tena na tena. Hapo ndipo alipoogopa. Wimbo ule haukuwa mahali pengine popote duniani. Ulikuwa ndani ya gunia la maharage.

Wiki ile ile akaja Valens, kiongozi wa korali.

"Maman, bado wiki mbili tufanye Misa ya mwaka mmoja wa Mzee. Tunataka tuimbe wimbo wake wa kurudi. Lakini tunaukumbuka vipande vipande. Patricie anaimba vile, mimi naimba hivi. Jana tumegombana mpaka padri alitoka mu nyumba kutuangalia! Utusikilizishe mu mashini."

"Mashini imeharibika," Maman Gaudiose akasema, akiangalia chini.

Valens alipoondoka, Uwera akasema kwa upole, "Mama, Misa ya mwaka wa Papa bila wimbo wake?"

Mama akalitazama gunia la maharage. Kisha akasema, "Muite Hugues. Yeye ni wa familia. Hatasema."

Hugues, mpwa wa Maman Gaudiose, aliuza vifuniko vya simu mjini Kamembe. Alikuja kesho yake na miwani ya jua kichwani. Wakatoa kompyuta kwenye maharage, wakapangusa vumbi. Ikawaka. Skrini nyeusi, maneno yale yale.

Hugues akacheka. "Tantine, ni hii tu? Batu bote bako na hii shida. Niko na dawa." Akatoa flashi mfukoni. "Ndani kuna programu ndogo. Inaidanganya Windows, inaiambia wewe ni ya kweli. Dakika tano."

"Na duwani?"

"Duwani banalala, Tantine. Sasa, kwanza ninazima kinga ya mashini."

Uwera alikuwa amesimama nyuma, anatazama mikono ya Hugues. "Kinga ni nini?"

"Ni ile inazuia virusi."

"Kwa nini unaizima?"

"Bila kuizima itaikataa programu yangu. Inaona ni kirusi." Hugues akapandisha mabega. "Lakini haiko kirusi."

"Nani alikuambia?"

"Mwenye alinipa."

"Na yeye nani alimwambia?"

Hugues akageuka. "Eeh! Wewe wa cherehani unanifundisha mashini?"

"Cherehani pia ni mashini," Uwera akasema. "Muntu akifika kwangu aseme, fukuza mbwa wako kwanza ndiyo niingie, simfungulii. Toa flashi yako, kaka. Nyimbo za Papa ziko humo."

"Utazipoteza kwa ubishi wako!"

"Uwera..." mama akaanza. Lakini alipomwangalia binti yake, hakuendelea. Hugues akatia flashi mfukoni, akaondoka amenuna.

Uwera akazima kompyuta, akaiviringisha tena kwenye kitenge. Safari hii hakuirudisha kwenye gunia. Aliteremka nayo kilima mpaka kwa jirani yao Umuhire. Umuhire alikuwa fundi wa kompyuta, alikuwa na kibanda chake Kamembe. Mama yake akamfuata nyuma, akitazama huku na huku kama mtu aliyebeba mzigo wa magendo.

Umuhire alikuwa anachambua mchele uani. Akanawa mikono, akawasha kompyuta, akasoma.

"Mliogopa nini, Maman?"

Maman Gaudiose akamweleza yote: daraja, kikapo, sombe, gunia la maharage, mpaka flashi ya Hugues. Umuhire akajizuia kucheka, akashindwa.

"Pole, Maman. Nisamehe. Hii kompyuta haina macho ya kuona daraja. Haya maneno hayatoki duwani. Kununua kitu ng'ambo, ukipitisha njia yake na kuchukua karatasi, ni jambo moja. Haya ni jambo lingine."

"Sasa ni nini haiko ya kweli? Mashini?"

"Hapana. Mashini ni ya kweli. Nyimbo ni za kweli, na ni zenu. Kisicho halali ni Windows. Windows ni mfumo, ile programu kubwa inayoendesha kompyuta yote. Watu walioitengeneza huiuza kwa leseni, na leseni ina namba yake. Yule kijana wa sokoni alitumia namba moja kwenye kompyuta nyingi. Ni kama tiketi moja ya basi ya Bugarama, wamepanda nayo watu arobaini. Ulipoingia kwenye intaneti, Windows iliuliza namba yake kwa wenyewe. Wakaona imetumika kila mahali. Ndiyo sababu inakuandikia hivi."

"Mzee wangu alijua?" Maman Gaudiose akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakujua, Maman. Ukinunua kompyuta ya mkono wa pili, huwezi kujua kwa kuitazama. Lazima uulize leseni, uombe na karatasi ya kununua. Wengi hatuulizi."

Uwera akauliza swali lililomkaa kooni siku zote zile. "Na nyimbo zimefutika?"

"Ujumbe huu haufuti kitu. Tuangalie."

Umuhire akafungua sehemu za ndani. Palikuwa na jina KORALI. Akabonyeza. Nyimbo sitini na tatu zikajipanga. Akabonyeza moja.

Kikohozi. Kikohozi tena. Kidole kwenye meza. Kisha sauti nzito, ya karibu sana: "Gaudiose, funga mlango, kuku bananiingilia mu wimbo!"

Maman Gaudiose akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akacheka, machozi yakamtoka. "Alikuwa hivyo," akasema. "Alikuwa hivyo kabisa. Wale kuku niliwauza mwaka ule ule."

Waliacha wimbo uishe.

Kisha Umuhire akauliza, "Mna kopi nyingine ya hizi nyimbo?"

"Hapana. Ni hizi tu."

"Basi hiyo ndiyo hatari yenu, si hayo maandishi. Kompyuta inaweza kuanguka, kuibiwa, kuungua. Tena mmeiweka kwenye maharage, kwenye vumbi! Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, tunanakili. Mara mbili. Kopi moja ikae kwenu, nyingine ikae nyumba nyingine."

Uwera akafikiri. "Nyingine ikae kwa Valens."

Umuhire akawapa flashi mbili mpya, wakazilipia. Uwera alitazama kila hatua, kisha akaomba ya pili ainakili mwenyewe. Alikwenda polepole. Alipomaliza, akafungua nyimbo tano kwenye kila flashi, aone kama zinaimba kweli. Ziliimba.

"Vizuri," Umuhire akasema. "Watu wengi hawaangalii. Sasa kuhusu mfumo. Programu ya Hugues umefanya vizuri kuikataa. Zile za kudanganya leseni haziko halali, na nyingi zinabeba virusi ndani. Nimeona kompyuta ya duka moja, picha zote za harusi zimefungwa, wezi wanadai pesa ndipo wafungue. Tena hata Windows hii yenyewe ni ya zamani, wenyewe hawaitengenezei kinga mpya. Kwa hiyo mna njia mbili. Mnaweza kununua Windows mpya yenye leseni, kwa muuzaji anayejulikana, mkapewa risiti. Lakini kwa mashini yenu, itakuwa nzito, itajikokota."

"Na ya pili?"

"Kuna mfumo unaoitwa Linux. Wenyewe wameutoa bure kwa watu wote, kwa halali. Hauombi namba. Ni mwepesi kwa kompyuta za zamani. Nyimbo zitafunguka, picha zitafunguka, barua mtaandika. Programu fulani za Windows hazitaingia. Mnatumia programu gani?"

"Nyimbo tu," Uwera akasema.

"Basi mna bahati."

Umuhire aliuchukua mfumo huo kutoka mahali pake rasmi kwenye intaneti, akauingiza kwenye kompyuta mbele yao. Kompyuta ilipowaka tena, skrini ilikuwa ya bluu, safi. Maneno ya kona hayakuwapo. Maman Gaudiose akaitazama kwa mashaka.

"Haifanani na ya Mzee."

"Hapana, Maman. Lakini yeye yumo." Umuhire akarudisha nyimbo ndani kutoka kwenye flashi. Zote sitini na tatu.

Jioni hiyo Uwera alimpelekea Valens flashi yake. Wiki nzima korali ilifanya mazoezi. Ugomvi uliisha, maana kila aliyebisha aliambiwa, "Muulize Mzee," na Mzee akajibu mwenyewe kwenye kisanduku cha sauti. Patricie ndiye aliyekuwa amekosea. Valens pia, mahali pawili.

Siku ya Misa waliimba. Watu wazima waliorudi kutoka ng'ambo walisimama kabla ya kuambiwa wasimame. Hata Hugues alikuwapo, bila miwani ya jua. Nje ya kanisa akamvuta Uwera pembeni. "Yule fundi wako, kibanda chake kiko upande gani? Simu yangu... eeh, usiulize." Uwera hakuuliza. Akamwelekeza.

Nyumbani, wageni walipokwisha kuondoka, Maman Gaudiose alibaki mezani.

"Wimbo haukutimia," akasema.

"Waliimba vizuri sana, Mama."

"Waliimba sauti ya banaume. Hiyo ndiyo tu Papa yako alitia mu mashini. Ya banawake tulikuwa tunaimba naye jikoni, mimi na yeye. Valens haijue. Patricie haijue. Iko kwangu peke yangu." Akavaa miwani, akavuta kiti. "Ninabonyeza wapi?"

Uwera akamwonyesha alama nyekundu ya kurekodi. Akamtia sikioni kisikizi kimoja cha simu, ili asikie sauti ya Papa huku akiimba. Maman Gaudiose akaanza, akapanda juu mno, akasimama.

"Nimezeeka."

"Rudia, Mama. Hakuna anayetufukuza."

Akarudia mara nne. Mara ya tano alifumba macho, akaimba mpaka mwisho. Sauti yake ilizunguka ile ya mumewe, ikaiacha, ikairudia.

Uwera alihifadhi sauti zote mbili katika wimbo mmoja, akaunakili kwenye flashi ya nyumbani, akatenga kopi nyingine ya kupeleka kwa Valens. Kompyuta ikamuuliza jina la wimbo. Akaandika polepole, herufi moja moja: *Papa na Maman*.