Mteja Asiye na Jina

Haya yalimpata Mbuke, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Shinyanga mjini, mwaka huu wa tisini na saba. Siku ilianza kama siku nyingine. Alimfunga mwanawe mgongoni, akafagia mbele ya duka la Mzee Vinod, akafuta vumbi kwenye pampu za maji wanazonunua wachimbaji, kisha akaketi mbele ya kompyuta.

Kompyuta ile aliileta Sneha, binti wa Mzee Vinod, ikiwa na programu ya kutunza habari za wateja. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: jina, mahali anakotoka, alichonunua. Sneha alimfundisha Mbuke namna ya kuwatafuta. Ukiandika herufi za mwanzo za jina, inakuletea wote wanaoanza hivyo. Ukitanguliza alama ya nyota, inazitafuta herufi zako hata katikati ya jina.

"Na nisipoandika kitu, dada?" Mbuke aliuliza kwa aibu.

"Ukibonyeza hivyo hivyo patupu, umeita wote," Sneha alisema. "Usifanye hivyo, inachukua muda."

Mtoto alikuwa analia. Alilia tangu azaliwe, na sasa alikuwa amekataa ziwa. Mbavu zilimtoka. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa.

"Huyo mpeleke mgodini, Mbuke, awe king'ora chao!" alitania Maduhu, mpakia mizigo wa dukani. Mbuke alitabasamu kwa adabu, machozi yakimlenga.

Nyumbani, mama mkwe wake Nyamizi alikuwa akimpakata mtoto kila asubuhi na kumtajia marehemu wa ukoo. Ndivyo Wasukuma wafanyavyo mtoto akilia namna ile: yupo aliyekufa anayetaka jina lake lirithiwe. Unataja jina moja, unanyamaza, unamtazama mtoto. Akitulia, ndilo. Lakini majina ya ukoo yalikuwa yamekwisha, na mtoto hajatulia.

Mchana ule mteja alikuwa anasubiri. Mtoto alilia mpaka akakosa pumzi. Mbuke akapeleka mkono mmoja nyuma kumbembeleza, na kwa ule mwingine akabonyeza kabla hajaandika hata herufi moja.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Yote.

Mtoto akanyamaza.

Mbuke alimfungua upesi, akidhani amekufa. Alikuwa mzima, macho kodo, anakitazama kile kioo. Akanyonya kidogo. Kisha akaanza kulia tena.

Mwisho wa majina yote palikuwa na ukurasa ambao Mbuke hakuuandika. Jina: patupu. Mahali: Masumbwe.

"Asiye na jina huwezi kumpata kwa jina," alisema Sneha, aliyekuja kuangalia, akikunja uso. "Mpaka uite wote. Nani amemwandika huyu?"

Akaufuta ukurasa ule.

Kesho yake mtoto alikuwa hoi, hata sauti ya kulia ilikuwa imekauka. Safari hii Mbuke alijua anachokifanya. Alisubiri Sneha aende kula, akabonyeza patupu. Mtoto akatulia, akanyonya kuliko jana. Ukurasa ulikuwepo. Jina: patupu. Mahali: Tinde.

Anayetoka Masumbwe kuja Shinyanga hupita Tinde. Mbuke aliliona hilo. Lakini mtoto alikuwa ananyonya, na alipoliachia ziwa akaanza tena kukwaruza ile sauti yake kavu.

Akabonyeza.

Mahali: mlangoni.

Hakugeuka. Nje jua lilikuwa kali, ila shingo yake ilipata baridi. Mtoto alimeza, akameza. Maziwa yalimtiririka kidevuni. Bado kidogo tu ashibe.

Akabonyeza.

Mahali: mgongoni.

Mtoto alikuwa kifuani. Mgongoni hapakuwa na kitu.

Ndipo akahisi uzito.

Nyumbani, Nyamizi alimpokea mtoto aliyelala fofofo, akashangilia. "Umetaja jina la nani, mwanangu?"

"Sikutaja jina, mama. Niliita wote."

Shangwe ikakatika. Nyamizi alimtazama mkwewe begani, si usoni. "Huwa hawaitwi hivyo," alinong'ona. "Unaita mmoja. Wa kwenu."

Mbuke alimweleza habari za ule ukurasa na Masumbwe. Nyamizi akamgeukia mwanawe Bujiku, mume wa Mbuke, aliyerudi kutoka kuchimba dhahabu huko kabla mtoto hajazaliwa. "Wewe. Mlimwacha nani kule?"

Bujiku aliinamisha kichwa. "Shimo lilimfukia mwenzetu. Hatukumtoa. Tulichimba pembeni tukaendelea na kazi."

"Jina lake?"

"Tulimwita Mlingoti, kwa ule urefu. La kwao hatukuwahi kumwuliza."

"Hilo la utani halimwiti mtu," Nyamizi alisema. "Bila jina lake siwezi kumwomba ashuke. Naweza kumfukuza tu. Na akifukuzwa, mtoto ataanza tena."

Mbuke alimtazama mwanawe. Tumbo limejaa, midomo ina maziwa.

"Mwacheni," alisema polepole. "Nitambeba."

Tangu hapo yule mtoto hajalia. Amenenepa, watu wanampongeza mama yake. Mbuke ndiye anayetembea ameinama, na akikaa huegemea mbele, kama anayempa mwingine nafasi. Ila kuna jambo tunaloliona sisi majirani anapoanika nguo. Ni kiangazi, udongo wote umekauka, lakini gauni alilovaa lina matope mabichi. Hayako kiunoni, inapogusa miguu ya mtoto. Yako chini kabisa, karibu na pindo, kushoto na kulia. Ni alama za visigino vya mtu mzima.