Aliyetumwa Kumuulizia Alawiya

Watalii wa Nairobi walivunja safari kwa simu ya nusu dakika, na Alawiya ameshasimama Likoni, karibu na mlango wa feri, kibao chenye majina yao mkononi. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Waliokuwa wakishuka na waliokuwa wakikimbilia kupanda walipigana vikumbo, wenye mikokoteni wakiomba njia kwa ukali, na yeye katikati yao amesimama kama bibi harusi aliyeachwa ukumbini. Viazi karai vimeshaagizwa, tuktuk imeshasafishwa. Alikasirika hadi masikio yakamwasha.

"Assalaam alaykum, dada. Samahani, nimesikia bila kukusudia. Hizo nafasi zao, mtu mwingine anaweza kuzichukua?"

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana wa miaka thelathini hivi, shati la samawati lililopigwa pasi kwa mkono wa mama, makubadhi ya ngozi miguuni, macho ya mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. Alikuwa mzuri, na ubaya wake ni kwamba alionekana hajui.

"Waalaykum salaam. Nafasi ni za watu wawili."

"Nitakula kwa niaba ya wote wawili."

Purity, dereva wa tuktuk, mwanamke wa Mwakirunge asiyeweza kunyamaza hata akilipwa, alicheka ndani ya chombo chake. "Mpandishe, Alawiya. Mwenye njaa hachelewi."

Jina lake Zuhair, alisema, wa Malindi. Kwao wana duka la vitambaa. Mombasa huja kila mwezi, hununua mzigo, hurudi, na hajawahi kuona chochote zaidi ya mlango wa ghala.

"Basi leo utaona," Alawiya alimwambia, akirekebisha mtandio wake wa rangi ya zabibu juu ya buibui. "Ila Kisiwani hatusimami. Ngome na meno ya tembo watu wameshayapiga picha mpaka yamechoka. Mimi naonyesha ng'ambo, wanakoishi wenyewe."

Alianza naye palepale Likoni, kwa viazi karai vya moto vilivyochovywa kwenye ukwaju na pilipili. Kisha Purity akawapitisha Dongo Kundu, daraja refu juu ya maji, winchi za bandari zikionekana mbali, upepo ukiingia tuktuk kwa pande zote mbili. Mikindani wakanywa chai ya maziwa kwa mahamri na mbaazi. Kisiwa wakakikata bila kusimama, na alasiri ikawakuta Bamburi, kwenye machimbo ya zamani yaliyogeuzwa msitu, wakiwalisha twiga kwa viganja.

Twiga mmoja alimlamba Zuhair mpaka kwenye kiwiko. Zuhair akaruka nyuma, akamkanyaga Purity, na Alawiya akacheka kicheko chake kikubwa, kile mama yake hukikemea, hadi askari wa getini akageuka kuangalia. Zuhair hakukasirika. Alitoa simu akaandika kitu.

"Waandika nini kutwa nzima?"

"Nisije nikasahau."

"Huyu ni karani wa sensa," Purity alisema. "Mimi kaniuliza wewe ukikasirika hukaa siku ngapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia inategemea kosa."

Pweza walimla kando ya njia, wa kuchoma, kwa mikono, pilipili ikiwatoa machozi. Zuhair alimtazama Alawiya akila kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe, "Wewe ni hivi kila siku?" Alawiya akasema ndiyo, na tangu hapo mambo yakamharibikia, maana usiku huo alilala na jina la mtu mdomoni.

Zikafuata simu. Miezi miwili ya simu.

"Umekula nini leo, laazizi?"

"Wali na samaki wa kupaka."

"Na mimi hukuniwekea?"

"Njoo Kisauni ule. Nani amekufunga Malindi?"

"Mapenzi ya vitambaa."

"Basi viambie vitambaa vikupikie."

Zuhair akacheka kidogo. Siku hizo za mwisho alikuwa akinyamaza sana. "Alawiya, kuna jambo nataka kukwambia. Si la simu."

"La heri?"

"Inshallah litakuwa la heri."

Alawiya alijua ni jambo gani. Alilijua kwa uhakika wa mtu aliyekosea kabisa.

Jumatatu iliyofuata mama yake alimwita chumbani. "Mwanangu, jana ulipokuwa kazini kumekuja watu wa Malindi. Nyumba yenye duka la vitambaa, watu wa heshima. Wakuposa kwa kijana wao. Ami yako ameridhika. Umebaki wewe."

Furaha ilimjaa Alawiya. Alitazama mkeka. Katika nyumba ile msichana anayekataa hulia, na anayekubali hunyamaza. Jina la bwana harusi haliulizi mtu mwenye haya zake. Shangazi zake wangemcheka mpaka Ramadhani. Alinyamaza, akainama, akakimbilia jikoni na uso umemwiva. Mama akaguna kwa furaha.

Jioni alimwandikia Zuhair: "Mama kanambia. Nimekubali, roho yangu."

Alama za kusomwa zikageuka buluu. Jibu halikuja. Alipopiga, simu ilikuwa imezimwa, na kesho yake pia.

"Ameona haya," alimwambia Purity.

"Mwanamume wa kuona haya? Wa mwisho alikufa kabla sijazaliwa."

Wageni waliingia Alhamisi baada ya alasiri. Nyumba ya Kisauni ilinukia udi kuanzia kwenye kizingiti. Sahani za halwa na kaimati zilijaa meza. Alawiya alivaa gauni la kijani kibichi lenye nakshi za dhahabu kifuani, hina mbichi mikononi, akaambiwa alete sharubati ili wageni wamwone. Aliingia na sinia, macho chini kama alivyofunzwa, na alipoyainua kumtafuta Zuhair kwenye kiti cha katikati, alimkuta mtu mwingine.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, kanzu nyeupe na koti, ndevu zenye mvi chache, uso wa upole. Zuhair alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pa mtu aliyesindikiza, anatazama zulia.

"Huyu ndiye Awadh wangu," alisema mama wa Malindi, sauti tamu, akimgusa mwanamume yule begani. "Na yule pale ni mdogo wake, Zuhair, tuliyemtuma kuja kukuulizia. Ni ada yetu, mwanangu, hatuposi mahali tusipopajua. Alikufuata siku nzima ukamzungusha mjini. Lakini aliporudi, subhanallah, alituchosha kwa maneno."

Sharubati ilimwagika kwenye vidole vya Alawiya. Hakuihisi. Alikuwa bado anajaribu kuelewa neno "kukuulizia", akilipitisha kichwani kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa.

Awadh alicheka kwa wema. "Alikusema vibaya, usiulize. Mkali. Mdomo hauna breki. Wacheka barabarani mpaka askari wageuka. Pweza wamla kwa mikono kando ya njia. Nikamwambia mama, marehemu mke wangu alikuwa vivyo hivyo, huyu ndiye. Yeye akazidi kukuponda, mimi nikazidi kutaka kuja."

Watu wakacheka. Alawiya aliweka sinia mezani polepole sana. Mawili kwa mpigo mmoja. Mtu aliyempenda alikuwa mpelelezi, na mtu huyohuyo ameenda kumvunjia jina mbele ya ukoo mzima. Alitafuta ndani yake kipi kinauma zaidi, hakupata.

"Ami," alisema, "naomba ruhusa niseme neno."

Mchumba haombi kusema neno mbele ya waposaji. Ami yake alishtuka hadi akatikisa kichwa kukubali bila kujua anakubali nini.

"Zuhair. Uliyasema hayo?"

Zuhair aliinua uso. Ulikuwa umepauka. "Niliyasema."

"Ni kweli?"

"Ya kucheka ni kweli. Mengine niliyatia chumvi. Mengine niliyatunga."

"Kwa nini?"

Alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake, na ilionekana wazi kwamba angependelea zulia limmeze. "Nilitaka wakuache. Wakishakuacha, nije nikupose mimi."

Mama wa Malindi alishika kifua. Awadh aligeuka kwenye kiti, taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Bamburi."

"Miezi miwili," Awadh alisema. "Na kanzu hii ya kuposea umenichagulia wewe."

"Ulimi ulinikwama, kaka. Wallahi kila siku nilikuja kukwambia."

"Kaka Awadh, nisamehe," Alawiya alisema, na akashangaa sauti yake ilivyotulia. "Ndiyo yangu nilimpa yeye, nikidhani posa ni yake. Kwako sina ndiyo. Nawe Zuhair, ulitumwa kunitazama, ukanitazama mpaka ndani, kisha ukaenda kunisingizia. Nawe pia sikutaki."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Nje alisikia viti vikisukumwa, salamu zikitolewa kwa sauti za msibani. Hakulia. Mshtuko ulikuwa bado umekaa mahali pa machozi.

Wiki tatu zilipita. Likoni aliwaonyesha wageni feri akaiita daraja. Zuhair alipiga kila siku baada ya magharibi, yeye akatazama simu ikiita mpaka inyamaze. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba alikuwa akiisubiri. Alimpenda bado, alimpenda kwa hasira, na hakujua mtu hufanya nini na kitu kama hicho.

"Mfungie kwenye simu," Purity alishauri.

"Nitamfungia kesho."

"Kesho hiyo ndiyo ile ya juzi?"

Siku hiyo walikuwa Mikindani, na walimu watatu wa kike kutoka Kisumu walikuwa wakila mahamri na mbaazi kwa mara ya kwanza katika maisha yao, pale namba asiyoijua ilipoita.

"Alawiya, ni Awadh. Usikate."

Hakukata.

"Mdogo wangu ameingia nyumba sita. Kila alikokutaja kwa ubaya amerudi, akakaa mkekani mbele ya wanawake, akasema, nilimsingizia mtoto wa watu. Kwa shangazi Salsabil alimwagiwa maji."

"Maji gani?"

"Ya kuoshea samaki."

Kicheko kilimtoka Alawiya bila idhini yake. Aliziba mdomo.

"Mimi nimemsamehe nusu," Awadh aliendelea. "Nusu nyingine namwekea, nitakuwa nampa kidogokidogo mpaka azeeke. Lakini leo mama amenituma mimi. Nimekuja kukuulizia kwa ajili yake. Niko Kisauni tangu asubuhi, nimepita mtaa mzima."

Alawiya alikaa juu ya benchi. "Nawe umekuja? Baada ya yote?"

"Nimeshamzika mke niliyempenda, Alawiya. Sitaki kumwoa anayempenda ndugu yangu."

Alawiya aliwapa walimu mgongo. "Wamekwambia nini mtaani?"

"Kwamba u mkali na wacheka sana. Kumbe hakutia chumvi nyingi hivyo."

"Yuko hapo?"

"Yuko garini. Nimemkataza kushuka."

"Mpe simu."

Alisikia mlango wa gari, kisha pumzi aliyoijua. "Alawiya."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile ya Bamburi?"

"Niliogopa. Nilimwogopa kaka, nikakuogopa na wewe. Sina jibu lingine la kujipamba."

"Na ukiogopa tena siku nyingine utafanyaje?"

"Nitakwambia naogopa."

Walimu walikuwa wameacha kula. Purity alikuwa amezima injini ili asikie vizuri, wala hakuona sababu ya kujificha. Alawiya alifumba macho. Alitaka kusema atafikiria. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema mambo mengine kabisa.

"Nakupenda, na bado nimekukasirikia. Yote mawili yapo, usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa."

"Basi mwambie kaka yako aende kwa mama yangu sasa hivi. Amtajie jina lako, na la babako, na la babu yako. Nami naja, nilisikie kwa masikio yangu."

Akakata simu kabla hajaghairi. Aligeukia wageni wake watatu, ambao ratiba yao ilisema kwamba baada ya hapa ni twiga, kisha pweza.

"Mnisamehe, walimu wangu," alisema. "Safari imebadilika kidogo. Twendeni kwetu Kisauni, naenda kuposwa."

Mwalimu mmoja aliangusha hamri lake ndani ya chai. Mwingine aliuliza kama kutakuwa na chakula. Purity alikuwa ameshawasha tuktuk.