Mtu Anayecheza Muziki Bila Sauti

Msusi alimwona kijana mmoja kwenye foleni ya benki: shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, anacheza ule mchezo wa simu wa kugonga vitufe kwa kufuata mdundo. Tena kwa kidole gumba kimoja! Tena simu kaizima sauti!

"Kaka, huo ni muziki au unaua kunguni?"

Yule kijana, karani wa mahakama, akacheka. "Nifundishe basi, dada."

Akamfundisha kwa dharau zote alizojaliwa. Simu ilazwe mezani, vitumike vidole viwili vya shahada, kipande kigumu kirudiwe polepole mpaka kiingie mkononi. "Na usikilize, wewe! Macho ya nini?" Karani hakusikiliza ng'o, alifuata macho tu. Mapenzi yakaingia hivyo hivyo, katikati ya masimango.

Siku ya kuzaliwa ya msusi, karani akamletea spika za masikioni zisizo na waya. Tangu aanze kuzivaa, msusi akawa anakosa midundo. Wiki ya pili karani akampita pointi. Karani! Mtu anayecheza wimbo kama anapanga mafaili!

"Labda umechoka, malkia wangu," karani akamwambia kwenye simu.

"Nani kachoka? Unanionea huruma mimi? Usinipigie tena!"

Akakata, na zawadi akairudisha. Siku tisa saluni nzima ilimkoma. Moyo ulimuuma, alimtaka mtu wake, lakini ampigie yeye? Thubutu!

Siku ya kumi karani akasimama mlangoni pa saluni, tai imepinda.

"Zile spika nimezivaa," akasema. "Mara yangu ya kwanza kucheza na sauti. Nimekosa kila kitu."

"Si ajabu."

"Zinachelewesha sauti, mpenzi. Kidogo tu, ila mdundo unafika masikioni kitufe chake kimeshapita. Mimi sikudhurika kwa sababu sisikilizi. Wewe uliukosa kwa sababu unasikiliza."

Msusi akatafuta neno la kumkata maini.

"Mama anauliza nitakupeleka lini nyumbani akuone," karani akaongeza taratibu. "Nimwambie nini?"

Wateja wanne, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, wakaacha kupumua.

"Mwambie Jumamosi," msusi akasema. Kisha, mbele yao wote, akatamka neno ambalo saluni ile haikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Nisamehe."