Hashimu Alisema Yuko Kahama

Pale sokoni Kasulu, hakuna anayekunja kitenge upesi kama Zaitun. Meza yake iko mbele ya duka la Saady. Saady humuuzia vitenge kwa jumla, naye huuza kimoja kimoja. Huku mikono inakunja, sikio linasikiliza simu.

Mume wake, Hashimu, ni dereva wa lori. Kila anaposafiri, Zaitun humpigia.

"Baba Swaumu, uko wapi? Umekula?"

Swaumu ni mtoto wao.

Mimi pia ni dereva. Naitwa Niyibizi. Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Simu yangu huita tajiri, mwenye lori, anapotaka kujua kama mzigo umefika. Mzigo, si mimi. Mke wangu Aline alifariki miaka sita iliyopita. Damu ilikosekana hospitali, na gari la kufuata damu lilikuwa limewapeleka wakubwa kwenye kikao. Tangu hapo hakuna anayeniuliza nimekula nini.

Kwa hiyo niseme ukweli. Nilimwonea Hashimu wivu. Nilimwonea sana.

Siku moja tulikutana Murungu, Kibondo. Ilikuwa saa saba mchana. Yeye alikuwa ametoka Kahama na ndoo za mafuta ya kula. Mimi nilikuwa nashusha magunia ya maharage. Tulikaa kwenye kibanda cha chakula, watu wengi, ugali wa moto. Simu yake ikaita.

"Baba Swaumu, uko wapi?"

"Niko Kahama, mama. Gari limeharibika. Fundi anasema mpaka kesho."

Akakata simu, akacheka. Nikarudisha tonge sahanini.

"Kahama? Wewe si uko hapa?"

"Kaka Niyibizi, wewe huna mke. Huwezi kuelewa."

Neno hilo liliniuma.

"Ukimwambia mwanamke saa ya kufika, utamkuta amejipanga," akasema. "Mimi nataka nimkute hajajipanga. Yule Saady anacheka naye mno. Vitenge vina kichekesho gani?"

"Umeshawahi kumkuta na kosa?"

"Bado."

"Umemtega mara ngapi?"

"Huu mwaka wa pili."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akasogea karibu.

"Kwa hiyo leo unalala kwako, bosi? Umebeba nini?"

Hashimu anapenda kuitwa bosi. Akanyoosha shingo.

"Mafuta ya kula, ndoo mpaka juu! Saa kumi nitakuwa Kasulu."

Kibandani alikuwepo pia dada Maximilla. Zamani aliendesha lori la chakula kwenda kambi ya Nduta. Sasa anafundisha madereva wapya Kibondo.

"Hashimu, ngoja nusu saa," akasema. "Kuna magari matatu yanakuja. Muongozane. Wewe huna hata utingo."

Ni kweli, hakuwa na utingo. Tajiri wake alimwondoa. Alisema anakula posho bure. Tajiri mwenyewe hajawahi kulala kwenye kabini hata siku moja.

"Dada, mimi nina safari ya siri," Hashimu akajibu. Akapanda, akaondoka peke yake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye.

Mbele, penye kilima na msitu, alikuta magogo na matawi barabarani. Kando yake kulikuwa na mtu amelala chini, na pikipiki imeanguka. Hashimu alidhani ni ajali. Akafungua mlango, akashuka. Watu watatu wakatoka msituni na mapanga. Yule aliyelala naye akainuka.

"Toa simu! Lala chini!"

Hashimu hakulala. Alichomoa spana ya tairi chini ya kiti ili apigane. Panga likampata mkono wa kushoto. Wakamfunga kwenye mti kwa kamba ya turubai lake mwenyewe. Lori wakaliingiza kwenye njia ya wachoma mkaa, wakaanza kushusha ndoo.

Mimi nilipita pale kwenye saa kumi. Magogo yalikuwa yameondolewa. Niliona matawi mabichi pembeni ya barabara. Nikasema ni upepo, nikapita.

Nilifika Kasulu jua bado lipo. Nilipita mbele ya nyumba ya Hashimu. Dagaa walikuwa wanakaangwa. Zaitun alikuwa anacheka na Swaumu. Sikuona lori, nikadhani Hashimu yuko ghalani anashusha mzigo. Ningebisha tu hodi, nikauliza. Sikubisha. Nilisema moyoni, hao wana kwao, waache. Nikaenda kula kiporo changu.

Asubuhi Zaitun alikuja mlangoni kwangu, akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, shemeji."

"Mwakeye. Mbona mapema?"

"Jana magharibi nilimpigia Hashimu, hapatikani mpaka sasa. Gari limemharibikia Kahama. Kaka yangu anayekaa huko anazunguka gereji zote tangu usiku. Hamwoni."

Nikamvutia kigoda.

"Zaitun, Hashimu hakuwa Kahama. Jana mchana tulikula pamoja Murungu."

Hakukaa. Alisogea karibu.

"Murungu? Alipokea simu yangu akiwa Murungu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini adanganye?"

Alielewa mwenyewe. Macho yake yalijaa machozi, lakini hakulia. Alifunga khanga kiunoni akasema, "Twende."

Kituo cha polisi tuliulizwa, "Mtu amepotelea Kahama, mbona mnaripoti hapa?" Tukaeleza upya. Tukaambiwa gari lipo, mafuta hakuna. Askari wenyewe walikuwa na nia, hata mmoja akajitolea kwenda nasi. Wenye kugawa mafuta ndio wasiojulikana walipo.

Saady alifunga duka. Akaleta pikapu yake. Njiani nilikumbuka yale matawi mabichi. Tulisimama pale, tukaita jina lake. Ilikuwa saa nne asubuhi tulipomsikia. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa wa homa. Mkono wake ulikuwa umevimba na kuwa mweusi. Saady alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Lori tulilikuta mbele kidogo, tupu.

Hospitali walimkata vidole viwili.

"Mngemleta jana jioni, vidole ningeviokoa," daktari alisema.

Jana jioni. Mimi nilikuwa napita mlangoni kwao nanusa dagaa.

Siku ya tatu Maximilla alikuja kumwona. Mimi na Zaitun tulikuwepo.

"Pole, Hashimu. Unajua kosa lako?"

"Nilishuka kwenye gari."

"Hilo ni la pili. Kosa la kwanza ulilifanya ukiwa na tonge mkononi. Mke wako ulimdanganya. Wageni ukawaambia ukweli, mzigo gani na saa ngapi. Yule wa baiskeli nilimwona akipiga simu hata kabla hujawasha gari, ila sikujua anampigia nani."

Hashimu akafunga macho.

"Tulipopeleka chakula Nduta, tulikuwa na redio," Maximilla akaendelea. "Kila kituo tunasema, tumepita hapa. Ukichelewa nusu saa, wanakuita. Usipojibu, wanatoka kukutafuta, na wanajua waanzie wapi."

"Wale walikuwa na mashirika, dada. Sisi redio tutaitoa wapi?"

"Redio yako ni huyu hapa." Akamwonyesha Zaitun.

Zaitun hakutabasamu. "Redio gani inayotegwa kama panya? Miaka miwili, Hashimu! Na huyo Saady unayemvizia ndiye aliyekubeba. Shati lake lina damu yako mpaka leo."

"Nisamehe, mama Swaumu."

"Kusamehe tutaona. Nitajie vituo kwanza."

Akavitaja. Kahama, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Makere. Zaitun alivirudia kichwani mara mbili, akavishika.

"Usipige simu gari likitembea," Maximilla akamwambia Hashimu. "Simama penye watu, useme, halafu uondoke. Na mpange neno lenu la hatari. Ukishikwa ukalazimishwa kusema uko salama, utalitumia hilo."

"Nitasema, msalimie shangazi wa Titye," Hashimu akasema. "Shangazi huyo hatuna."

Nami nikauliza, maana swali lilikuwa langu pia. "Dada, na magogo je?"

"Ukiyaona, simama mbali. Usizime injini. Milango ifungwe, vioo juu. Kama nyuma kuko wazi, rudi, geuza gari penye nafasi, uende kwa watu. Piga honi njia nzima. Mwizi hapendi kelele."

"Na yule aliyelala? Kama ameumia kweli?"

"Ita wanakijiji. Nendeni wengi. Kama ni mgonjwa, atapata watu wa kumbeba. Kama ni mwizi, hamtamkuta."

"Wakishanikamata?" Hashimu akauliza.

"Wape wanachotaka. Waone mikono yako. Usiwatukane, usiwatishe. Ukipata mwanya wa kweli, kimbia ukipiga kelele. Spana ni ya tairi. Panga ni refu kuliko spana."

"Tajiri atanikata mshahara kwa mzigo ulioibwa."

"Mafuta atanunua mengine. Vidole atakununulia?"

Mimi nilikumbuka semina moja tuliyoitwa na wakubwa. Tulipewa maji ya chupa, tukaambiwa tuwe makini. Makini vipi, hawakusema. Maximilla aliyasema yote kwa robo saa, amesimama, bila hata maji ya kunywa.

Hashimu alipopona, alikwenda kwa tajiri na madereva wenzake sita. Walisema hawaondoki bila utingo. Tajiri alifoka siku mbili. Siku ya tatu alikubali, kwa sababu mzigo ulikuwa unaoza.

Miezi mitano ikapita. Siku moja asubuhi nilipakia mihogo mikavu pale sokoni, Zaitun akiniona. Mchana nikaondoka kwenda Kibondo. Hashimu naye alikuwa anatoka Kibondo kuja Kasulu. Utingo wake, Mudathiri, alikuwa kando yake.

Saa tisa alasiri, kwenye kona yenye msitu, Hashimu aliona magogo. Safari hii alisimama mbali. Aliona majani yakitikisika, na hapakuwa na upepo. Mudathiri alitazama nyuma kwenye kioo. Wakarudi taratibu, wakageuza, wakaenda kijijini huku honi inalia. Watu wawili walitoka msituni wakakimbiza gari kidogo, wakaacha. Penye nyumba za watu ndipo aliposimama akampigia mkewe.

Zaitun alimpigia mwenyekiti wa kijiji. Namba yake alikuwa ameitafuta tangu zamani. Kisha akampigia askari yule aliyepanda nasi. Kisha simu yangu ikaita. Nikaegesha pembeni, nikapokea. Nilidhani ni tajiri.

"Shemeji, uko wapi?"

Nilikuwa nimesahau swali hilo linavyosikika.

"Shemeji Niyibizi! Uko wapi?"

"Ndiyo naingia Makere."

"Simama hapo hapo. Usiende mbele. Kuna magogo barabarani, na hao watu bado wapo."

Nilisimama. Nilisimamisha na malori mawili yaliyokuwa nyuma yangu. Bila simu ile, ningefika pale peke yangu, na nisingejua chochote. Wanakijiji walitoka na walinzi wao. Askari nao walikuja, sijui mafuta waliyapata wapi. Wezi walikuwa wamekimbia. Zilikutwa kamba na panga moja. Wiki iliyofuata wawili walikamatwa, na yule wa baiskeli ni mmoja wao.

Siku hizi Zaitun ananipigia hata mimi nikisafiri. Nikifika kituo naegesha, namwambia ukweli. Madereva wengine wanne wa mtaani wamepanga na wake zao hivyo hivyo. Hakuna aliyepotea tena.

Hashimu hakulipenda hili la simu zangu. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Huyo Niyibizi naye unampigia mara ngapi?"

"Mara tano. Vituo ni vitano."

"Na huko kucheka?"

"Ameniambia gunia limempasukia Kakonko, maharage yamekimbizana na mbuzi. Wewe usingecheka?"

Jumapili iliyopita Zaitun alinialika chakula. Nilivaa shati safi, nikaenda. Hashimu alikuwa amesimama mlangoni, mkono wenye vidole vitatu umeshika kizingiti, uso umenuna.

"Karibu, kaka," akasema, kama mtu anayefukuza kuku.

Akasogea kando, nikaingia.