Pale Kazi Ilipokatika

Asubuhi ile foleni ya mkate pale mtaa wa Hamra iligeuka uwanja wa ngumi. Madereva wawili walitwangana kugombea nafasi, sinia la mikate ya zaatari, ile ya majani makavu na mafuta, likaruka, mafuta yakamwagikia koti jeupe la Jumana, na kiwiko cha mmoja kikamjia usoni. Mkono wenye shati la buluu ukakikinga.

"Pole, bibie. Meno yapo yote?"

"Yangu yapo. Mkono wako ndio unavuja damu."

Alikuwa Wisam, mhandisi mpya wa maabara ileile aliyofanyia kazi Jumana. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wanapigiana simu hata wakiwa chumba kimoja, na waligombana kwa jambo moja tu: namna ya kufunza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano. Jumana alitumia chombo cha kupanga kazi za kompyuta, kinachojaribu mipangilio mia, mmoja baada ya mwingine, na kuandika kila jibu. Wisam aliandika skripti zake mwenyewe, amri za kompyuta mstari kwa mstari.

"Chombo chako kina urasimu kama ofisi ya serikali, roho yangu."

"Na skripti zako ni vurugu tupu. Umeme ukikatika, unaanza upya."

Modeli ya Jumana ya kusoma picha za mapafu ilikuwa siku ya tisa ikifunzwa. Asipopeleka majibu Alhamisi, nafasi yake ya utafiti ingekwenda kwa mwingine. Jumanne Wisam akaendesha skripti yake, na mstari wake wa kwanza ukaua kila kazi iliyokuwa ikienda kwenye kompyuta kubwa ya maabara, ya Jumana ikiwemo, ili yake ipate nafasi. Alisahau kwamba kompyuta ile ni ya wote.

"Umenimaliza," Jumana alisema.

"Nilisahau, mpenzi. Hebu nisikilize..."

Birika la kahawa lilikuwa karibu. Jumana alimpiga nalo kwa nguvu zote, likampasua juu ya jicho, damu ikachuruzika mpaka kwenye shati. Akatoka bila kugeuka. Wisam alimpigia simu mara kumi na moja, hakupokea.

Jumatano Jumana alifungua kompyuta ahesabu hasara. Majaribio yote yaliyokwisha yalikuwepo, yameandikwa. Lilipotea moja tu, lile lililokuwa njiani. Akabonyeza, kazi ikaendelea pale ilipokatika. Chombo alichokisifu kila siku, siku ya hasira hakukitazama hata kidogo. Aibu ikamshika.

Akampigia. "Uko wapi?"

"Kwenye foleni ya mkate. Njoo, leo hawajapigana."

Alimkuta ameshonwa nyuzi saba juu ya jicho.

"Nimehamia chombo chako," Wisam akasema. "Na mama anauliza tuje kwenu lini kuposa."

"Nimekukosea vibaya. Nisamehe."

"Nilishakusamehe, roho yangu."

Jumana akainua mkono auguse mshono. Mkono wa Wisam, uleule uliomkinga siku ya kwanza, ukaruka kukinga uso wake mwenyewe.

Wote wawili waliuona. Foleni ikasogea, wao wakabaki palepale.