Milimita za Dirishani

Kila asubuhi saa moja kamili, kabla ya kuvaa viatu vya shule, mjukuu wangu tunayemwita Chiriku kwa kelele zake alikuwa na kazi moja: kusoma kipimo cha mvua nyuma ya nyumba na kuandika milimita daftarini. Kazi hiyo alipewa na shangazi yake, yaani binti yangu, anayefundisha chuoni na kuchunguza jinsi hali ya hewa inavyobadilika. Kwa miaka ishirini na miwili hakuruka hata siku moja. Alipohamishiwa chuo cha mbali, akamwachia mtoto wa kaka yake.

Mwanzoni Chiriku alijisikia mtaalamu. Kisha nyasi zikawa na baridi, na kitanda kikawa kitamu. Mh! Akawa anachungulia dirishani, anakisia, anaandika.

Likizo ilipofika, shangazi akaja, akaenda moja kwa moja kwenye kipimo. Akarudi na faneli yake mkononi, ule mdomo mpana unaoingiza maji ya mvua.

"Chiriku, hebu njoo. Juzi ilinyesha kiasi gani?"

"Milimita kumi na mbili, Shangazi."

"Umezipata wapi? Nyigu wamejenga humu. Udongo umekauka kama saruji, hata tone halipiti."

Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama sufuria yangu.

"Nilikisia," akasema. "Lakini ni siku chache tu!"

"Zipi?"

Akapekua daftari mbele, akapekua nyuma. Hakukumbuka.

Shangazi akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza kukata tangu ukurasa wa kwanza wa Chiriku. Miezi mitano.

"Za mwezi wa tatu nilipima kweli! Nililowa mpaka nikaugua! Bibi, mwambie!"

"Ni kweli, aliugua," nikasema.

"Nawaamini, mama. Lakini nitazitenga vipi na za dirishani?"

Mwezi uliofuata alitakiwa kuwaonyesha wataalamu wenzake ile miaka isiyo na pengo. Sikumwona akilia, ila chai yake ilipoa mezani.

Chiriku alizibua faneli kwa kijiti. Kesho yake, saa moja, alikuwa nje bila kuitwa. Shangazi akasoma baada yake, namba zikalingana.

"Sawa," akasema, bila kutabasamu. "Siku ukishindwa kupima, andika kwamba hukupima. Hilo nitalieleza popote. Ukidanganya, mwanangu, unafuta hata zile siku ulizolowa."