Vyumba Vitatu, Milango Miwili

Majina mia sita na kumi na mawili yaliibwa Nchelenge Jumatatu asubuhi, na kufuli ya nyumba haikuguswa.

Inspekta Mubanga alikuta akina mama wamejaa uani kwa Fabien, fundi redio aliyevuka Ziwa Mweru hadi Zambia akikimbia vita vya Kongo mwaka ule wa 1999. Kila Jumatatu, baada ya sala, mkewe Emilienne aliwasha kompyuta akawasomea majina yaliyoletwa kwa mtumbwi kutoka ng'ambo: waliopatikana hai, na waliozikwa. Leo orodha haionekani. Emilienne, ambaye mwanawe Hénoc alipotea katika kukimbia, alikaa sakafuni, macho makavu.

Mubanga alikagua madirisha. Mazima. Akanyunyiza unga kwenye vibonye. Alama za vidole zilikuwa za watu wawili tu, mume na mke. Karatasi zilizoleta majina, aliambiwa, zilirudi Kilwa ya Kongo na mtumbwi uleule Jumamosi, Fabien alipokwisha kuzichapa kwenye kompyuta.

Bwana, nionyeshe, aliomba kimoyomoyo.

Akamtaka Fabien amweleze mashine. Fabien alijibu kwa unyonge kwamba diski ameigawa kama nyumba ya kupanga, kila chumba na mfumo wake wa Linux: Slackware, Debian, Red Hat. Ikiwaka, inakuuliza uingie wapi, unachagua jina.

Mubanga akaiwasha. Kioo kikaonyesha majina mawili tu: Debian na Red Hat.

"Vyumba ni vingapi, ba Fabien?" aliuliza, akimwita "ba" kwa heshima.

"Tatu."

"Milango naona miwili. Orodha ilikuwa chumba gani?"

Fabien alitazama chini. "Ya Slackware."

"Mwizi angebomoa chumba. Huyu ameziba mlango tu. Nani hapa anajua kuuziba?"

Uani mtu alikohoa.

"Ni miye," Fabien alisema.

"Kwa nini?"

"Siku ya posho, Jumamosi ile, nilichapa bale balizikwa. Hénoc iko pale. Miaka tisa, kaputula ya buluu. Na Emilienne njo yeye mwenye kusoma, Inspekta. Angesoma mutoto wake na kinywa yake mwenyewe, mbele ya bamama bote." Alifuta uso kwa kiganja. "Kufuta nilishindwa, bamama bengine banangoja. Kuacha vile, nilishindwa pia."

Pingu zilikuwa mkononi mwa Mubanga. Alizirudisha mfukoni polepole, maana Emilienne alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia yote.

"Rudisha mulango, ba Fabien," Emilienne alisema.

Fabien aliandika mistari michache. Mashine ikazimika, ikawaka. Majina matatu.

Emilienne aliketi, akafanya ishara ya msalaba, akaanza orodha ya Jumamosi. Hénoc alikuwa wa arobaini na moja. Alisoma jina, umri, na kaputula.

Kisha akasoma la arobaini na mbili, kwa kuwa mama wa huyo alikuwa pale uani, amesimama, anangoja.